Herufi ya Kwanza

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata msalaba wa mbao, rangi yake bado inanuka. Alikuwa anaupeleka kwenye kaburi la mwanawe. Jirani yake wa kiti, mzee mwenye Biblia kwapani, alivaa miwani, akasoma maandishi ya msalabani, akaguna. "Pole sana, mama. Lakini fundi kakuharibia. Kaandika 'Pumzika kwa imani.' Ni amani."

"Hajakosea, baba. Nilimtuma mimi. Amani naiomba tangu tumzike, haijaja hata kunichungulia. Imani ndiyo niliyobaki nayo. Nimwandikie mwanangu kitu ambacho sina?"

"Ukiwa na imani, amani inakuja yenyewe."

"Ikija nitamrudia fundi. Ni herufi moja tu."

Mzee wa watu alifungua Biblia, akaifunga bila kusoma. Mimi nilijifanya naangalia dirishani, maana umbea wa kwenye basi nao una adabu zake. "Mke wangu nilimwandikia amani," alisema, sauti imeshuka.

"Na wewe ukaipata?"

Basi likasimama kwenye geti la makaburi. Mzee, aliyelipa nauli ya hadi mjini, alishika upande wa pili wa msalaba, wakashuka wote wawili.