Dada Picha, Mpiga Picha za Vyuma na za Watu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, mpendwa wetu tuliyemsindikiza hapa leo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Mei 1974, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza saa. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi saa, ambaye ametangulia, na mpiga pasi wa hospitali, ambaye yuko nasi hapa mbele. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, kwa sababu familia iliona ndiye aliyekaa naye karibu zaidi. Baadhi yenu mmeuliza mbona halii. Hajui. Amepewa karatasi asome, basi anasoma.

Alipokuwa na miaka sita alifungua mgongo wa saa ya mteja kwa kisu cha mezani ili aone kinachopiga kelele. Baba hakumchapa. Alimwuliza tu, gurudumu gani limeharibika? Mtoto akanyoosha kidole kwenye gurudumu zima kabisa. Baba alikisimulia kisa hicho mpaka mwaka aliofariki, na kila mara alimalizia kwa kusema mtoto alikosea, lakini hakusitasita.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa barabara ya kiwanda cha unga kuanzia 1981 hadi 1987, kisha sekondari ya wasichana hadi 1991. Hakuwa wa kwanza darasani, na waliosema hivyo wakati wa matanga walikuwa wanamwonea haya tu marehemu. Fizikia aliipenda. Mwaka 1992 aliingia chuo cha ufundi kusomea ukaguzi wa vyuma kwa mionzi, akarudia mtihani wa uchoraji wa mitambo mara mbili, akahitimu Desemba 1994.

Tarehe 6 Februari 1995 aliajiriwa kwenye ujenzi wa kituo cha umeme wa nyuklia, kwa mkataba wa miezi mitatu. Kazi yake ilikuwa kupiga picha viungo vya mabomba baada ya mafundi kuvichomelea, ili kuona ndani ya chuma kama kuna ufa. Watu wote walitolewa eneo hilo, kamba yenye vibendera vyekundu ikafungwa, naye akabaki na kifaa chake, filamu zake na saa ya mkononi. Jina la Dada Picha alilipata huko. Vibarua walivaa kofia ngumu za njano, wenye ajira ya kudumu walivaa nyeupe. Yeye alivaa ya njano miaka kumi na minne. Mkataba ulikwisha, ukaandikwa mwingine, ukakwisha huo nao. Wakati mwingine alikaa nyumbani mwezi mzima akingoja kuitwa, na asubuhi aliamka saa kumi na moja vilevile, akavaa, akakaa kitandani.

Fundi mmoja wa kuchomelea, mtu mzima mwenye sifa zake, aliwahi kumfuata na kumwambia kiungo chake hakina kasoro, aandike hivyo.

"Mzee wangu, mimi sikatai," alimjibu. "Picha ndiyo inayokataa."

Kiungo kilikatwa kikachomelewa upya. Fundi huyo baadaye alikuwa msimamizi wa harusi yake. Bwana harusi alikuwa dereva wa kreni, ambaye kila eneo lilipotakiwa kuwa tupu alikuwa wa mwisho kushuka, dakika kumi na moja nzima, na Dada Picha alikuwa amesimama chini anamhesabia. Shemeji yetu anakiri sasa kwamba alikuwa akichelewa makusudi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Oktoba 2000, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Nyumba yao ilikuwa ya utani mwingi na sahani chache. Wakigombana, mke alimwambia mume ashuke kwanza kwenye kreni ndipo waongee.

Ujenzi ulimalizika tarehe 30 Juni 2009. Vibarua walipanga foleni langoni, wakarudisha kofia na viatu, wakatia saini. Kituo kilibakiza watu wa kudumu, na katika kikosi chake hakubakizwa hata mmoja. Alirudi shule akiwa na miaka thelathini na mitano na watoto wawili, na tarehe 3 Oktoba 2011 akaanza kazi hospitali, idara ya tiba ya nyuklia, kumshikia nafasi mama aliyekwenda likizo ya uzazi. Miezi sita, walimwambia. Yule mama hakurudi. Mkataba wa Dada Picha ukawa unahuishwa mwaka hadi mwaka.

Kazi ilikuwa ileile, alisema, ila vyuma havikuulizi maswali. Mgonjwa anadungwa dawa yenye mionzi kidogo, anakaa saa tatu akinywa maji, kisha analala chini ya kamera inayosoma dawa imekusanyika wapi mwilini. Kila mgonjwa akiinuka kitandani huuliza ameonekana na nini. Mpiga picha haruhusiwi kusema, hata usoni. Mwaka 2019 alipewa mwenzake wa kumfundisha, kijana aliyewahi kufundisha kemia na ambaye idara nzima inamwita Mwalimu. Naye alikuwa wa mkataba. Jambo la kwanza Dada Picha alilomfundisha lilikuwa jinsi ya kusema, "Daktari atakueleza," bila kutazama pembeni.

Januari 2023 hospitali ilitangaza nafasi moja ya kudumu. Waliostahili walikuwa wawili, yeye na Mwalimu. Sharti mojawapo lilikuwa kupimwa afya. Marehemu alikuwa na maumivu ya mgongo tangu mwaka uliotangulia, na alikuwa akisema ni uzee wa kuinama. Mficha maradhi kilio humuumbua, mama alimwambia hivyo mezani, naye akamwomba mama ampitishie chumvi.

Jumanne, tarehe 7 Machi 2023, mgonjwa mmoja wa kupigwa picha ya mifupa hakufika. Dawa yake ilikuwa tayari kwenye bomba la sindano, na jioni ingekuwa imeisha nguvu, ya kutupwa. Dada Picha alimwomba muuguzi amdunge yeye. Aliendelea na kazi zake saa tatu, kisha akaipanga kamera mwenyewe, akalala, ikampitia kutoka kichwani hadi miguuni. Aliinuka akatazama. Alikuwa ameona maelfu ya picha za namna hiyo, kwa hiyo hakuhitaji mtu wa kumweleza kwamba kilichokuwa kwenye uti wa mgongo na mbavuni ni saratani.

Siku hiyo alisahau kitu kimoja. Wafanyakazi wote wa idara hiyo huvaa beji ndogo kifuani inayohesabu mionzi wanayopata kazini. Aliyedungwa dawa anatakiwa aivue, kwa sababu mwili wake wenyewe unakuwa unatoa mionzi. Alikuwa amewaambia wengine hivyo miaka kumi na miwili. Yeye aliivaa siku nzima. Ilikuwa imezoeleka kama kifungo cha koti.

Beji hupelekwa kupimwa kila mwisho wa mwezi. Majibu yalirudi Alhamisi, tarehe 20 Aprili, na ya kwake yalikuwa mara tatu ya kawaida. Afisa usalama wa mionzi aliona maelezo ni moja tu, kwamba dawa ilimwagika katika chumba cha kutayarishia na mtu akanyamaza. Mwezi ule aliyekuwa akitayarisha dawa ni Mwalimu. Alipewa barua akae nyumbani mpaka kikao cha tarehe 2 Mei. Usaili wa ile nafasi ulikuwa wiki moja baadaye. Mtu wa mkataba hafukuzwi, anaachwa tu, na kila mtu katika jengo lile alilijua hilo.

Jumamosi ya wiki hiyo marehemu alikuja nyumbani kwa mdogo wake. Walikuwa jikoni wakikunja nguo.

"Ile ya kwenye beji ni yangu mimi," alisema. "Mwalimu hajamwaga kitu." Akaeleza yote, na alichokiona kwenye picha pia, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha.

Mdogo wake alikaa chini kwanza. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Muuguzi. Na wewe."

"Basi nyamaza, dada. Umekuwa kibarua miaka ishirini na minane. Ipate kazi hii hata mwaka mmoja, utibiwe una likizo kama watu. Yeye ana nguvu zake, atapata kwingine."

"Ana watoto mapacha yule."

"Na wewe una wako. Mtu chake."

Alikunja shuka, akalikunjua kwa kuwa pembe hazikukutana, akalikunja tena. "Haya," alisema.

Alinyamaza siku tisa. Hilo lazima lisomwe pia, kwa sababu aliagiza asiandikiwe umalaika. Siku hizo tisa Mwalimu alikuwa nyumbani akiandika upya, kila siku, maelezo ya jinsi alivyotayarisha kila dawa ya mwezi wa tatu, akitafuta alipokosea. Tarehe 2 Mei asubuhi, kabla ya kikao, Dada Picha aliingia ofisi ya afisa usalama na bahasha, akaweka picha mezani.

"Hizi za mgonjwa gani?"

"Zangu. Tarehe saba mwezi wa tatu. Beji nilisahau kuivua."

Afisa alizitazama muda mrefu. "Wewe? Wewe usahau beji?"

"Ndiyo hivyo, bosi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Afisa amesimulia mwenyewe juzi nyumbani kwetu kwamba alicheka, kisha akashindwa kuendelea na kikao, akakiahirisha hadi mchana. Mwalimu alirudishwa kazini siku ya pili. Muuguzi alipewa onyo. Marehemu naye alipewa onyo kwa kujipiga picha bila maagizo ya daktari, na mkataba wake ulipokwisha tarehe 30 Juni haukuandikwa mwingine. Agosti mosi Mwalimu aliajiriwa, ajira ya kudumu. Dada Picha aliposikia alisema wamefanya jambo la maana, kazi hiyo inataka mtu mwenye mgongo. Usiku huo hakula, na hilo halikuwa la maradhi. Aliitaka ile nafasi. Mtu asidhani hakuitaka.

Alitibiwa hospitali ileile. Mwalimu ndiye aliyempiga picha, mara nne. Ya mwisho ilikuwa Jumatatu, tarehe 11 Novemba 2024, na mdogo wake alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Marehemu alipoinuliwa kitandani alimwuliza Mwalimu, "Safari hii imefika wapi?"

Mwalimu alimtazama usoni. "Daktari atakueleza, dada."

Marehemu akampigapiga mkono. "Vizuri," alimwambia. "Hivyo hivyo."

Alilazwa mara ya mwisho tarehe 20 Februari mwaka huu. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha karibu na dirisha, akiwa na miaka hamsini na karibu miezi kumi. Mume wake alikuwa amemshika mguu. Mdogo wake alikuwa akikunja taulo. Muuguzi alipozima mashine ya dripu na kusema pole, mdogo wake aliendelea kulikunja mpaka likaisha, kisha akauliza aliweke wapi. Tangu hapo ametembea, amepokea wageni, amejibu simu, ameandika haya, na yote amekuwa akiyafanya kama anayefanyia mtu mwingine.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, binti ambaye yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, mtoto wa kiume anayemaliza sekondari, na mdogo mmoja. Ameacha pia watu wengi ambao aliwaona mpaka kwenye mifupa, na hakumtangazia yeyote alichokiona.

Familia ilikubali kisa cha beji kisomwe. Ya jikoni haikuyajua. Imeyasikia sasa hivi pamoja nanyi. Marehemu hakuyarudia hata mara moja kwa miaka miwili, wala hakumtazama mdogo wake kwa jicho la kumdai. Mwalimu alifika nyumbani kila Jumamosi ya ugonjwa ule. Alimwamkia mdogo wa marehemu kwa heshima, akamshukuru kwa kumtunza dada, naye alizipokea shukrani hizo kila wiki na kumkaribisha kiti. Kila wiki alijiambia atasema wiki ijayo, dada akiwa na nafuu kidogo, wakiwa wote watatu.

Mwalimu, uko safu ya tatu na wanao. Aliyetaka ubebeshwe kosa lisilo lako ndiye huyu aliyesimama mbele yako. Aliyekataa ni huyu tunayemzika.

Dada, ulifanya sawa. Ilipasa uambiwe ungali unasikia. Pumzika.