Sajini Silvester Yohani na Lindo la Karema

Sajini mstaafu Silvester Yohani alifariki dunia saa nne asubuhi, Jumanne tarehe 18 Agosti 1998, katika hospitali mjini Mpanda, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Marehemu alizaliwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 12 Machi 1944, mtoto wa pili wa mzee Yohani na mama Pudensiana, akasoma hapohapo misioni hadi darasa la nane, na mwaka 1966 akajiunga na Jeshi la Wananchi. Alipigana vita vya Kagera, ambako, kama alivyopenda kuwaambia wanafunzi wake, adui alikuwa na sare, bendera na upande alikotokea, na ukishajua upande unajua pa kuchimba handaki.

Mwaka 1975 alifunga ndoa na Libérate, ambaye wazazi wake walikimbia Burundi na kupewa shamba katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, na wawili hao wakajaliwa watoto watatu, Aristide, Emelyne na Joséline. Alistaafu mwaka 1985, akajenga hapa Nsemulwa, Mpanda, akawa mkufunzi wa mgambo, na vita vilipozuka Burundi mwaka 1993 akapewa kazi ya kupanga lindo la Karema, kwa agizo kwamba kila mtumbwi unaoingia usimamishwe na kupekuliwa. Aristide alipata mafunzo ya mgambo mikononi mwa baba yake, na marehemu alisema hajapata kuona kijana mwenye shabaha kama ile.

Waliokuja kuchukua vijana wakapigane Burundi hawakupita ziwani, walifika Katumba mchana kwa baiskeli, wamevaa mashati ya kwendea kanisani, wakala ugali kwa ndugu wa mama Libérate, wakazungumza Kirundi kuhusu mashamba ya mababu. Tarehe 9 Juni 1996 Aristide alishuka Karema, na mgambo wa zamu wakamtania, Afande mdogo, mbona umenyoa hivyo, unakwenda kuoa ng'ambo, naye akawajibu anakwenda kusalimia wajomba, wakacheka, wakamsaidia kusukuma mtumbwi majini.

Marehemu hakuwalaumu, kwani walifanya alichowafundisha. Aliomba wanaotoka nao wachunguzwe, akajibiwa kwamba hatari iko ng'ambo, akaenda Kigoma mara kadhaa kumtafuta mwanawe, hadi Aprili mwaka huu alipopata kiharusi. Siku chache kabla ya kufariki alisikia redioni habari ya bomu lililolipuka ndani ya gari kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, akauliza gari hilo lilipita vizuizi vingapi, kisha akaomba redio izimwe.

Ameacha mjane na watoto watatu. Jana ndugu walibishana juu ya hesabu hiyo, mama Libérate akawaambia, nyie semeni watatu, mwili sijauona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nsemulwa, ndugu wa Katumba, mgambo wa Karema waliobeba jeneza, na mvuvi Cyriaque, aliyekuja wodini mwezi Julai kumweleza marehemu ukweli, kwamba alimwona Aristide ng'ambo ya ziwa akiwa na bunduki, akiwafundisha watoto kulenga shabaha.

Sajini, Mungu akupe pumziko.