Asiyetaka Kushukuriwa Kabla ya Kumaliza: Maisha ya Mama Agripina

Ndugu waombolezaji, wenyeji wa Spånga na sisi tuliotoka mbali, naitwa Domina, mdogo wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu shemeji yangu hawezi, na watoto hawapaswi. Tafsiri ya Kiswidi iko upande wa pili wa karatasi mlizoshika. Mkisikia sauti yangu imenyooka, msidhani nina moyo mgumu. Nimekufa ganzi tangu mwezi wa kumi, na sababu yake nitaifikia.

Marehemu Truphosa Kokushubila, binti wa Mzee Bethuel na Mama Clementina, alizaliwa tarehe 12 Machi 1938 huko Kamachumu, Bukoba, akiwa mtoto wa kwanza katika watoto watatu. Wa katikati alifariki akiwa mchanga. Mimi ndiye kitinda mimba, na kwa miaka mingi nilidhani dada ni mama wa pili, maana ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenichapa. Nyumba yetu ilizungukwa na mibuni. Kwetu kahawa hutafunwa, hupewa mgeni ndani ya kijaluba, na dada alikuwa hajawahi kuinywa kikombeni hadi alipofika nchi hii. Alipoonja ya kwanza alisema baba amehangaika bure shambani kama mwisho wake ni huu.

Alisoma shule ya misheni ya Kamachumu kuanzia mwaka 1946, kisha shule ya kati ya wasichana ya Kashasha, alikomaliza mwaka 1954. Alikuwa hodari wa hesabu na mapishi, ila hakujua kuimba kabisa. Mwalimu wa kwaya alimwomba kwa upole awe anafungua midomo tu bila kutoa sauti. Dada alitii, na akaendelea kutii maisha yake yote. Ninyi mliokaa naye benchi moja hapa kanisani mkadhani anaimba nanyi, leo mmejua.

Baada ya shule alijifunza uuguzi msaidizi na kufanya kazi katika zahanati ya misheni hadi alipoolewa. Tarehe 2 Septemba 1961 alifunga ndoa na Zephania Mashauri, fundi wa mitambo ya simu kutoka Mwanza, aliyekuwa amekuja Bukoba kwa kazi ya miezi michache akairefusha makusudi. Mwaka 1963 walimpata Agripina. Mwaka 1966 shemeji alipata nafasi ya mafunzo Stockholm, na mwezi Oktoba 1968 dada akamfuata, mkono mmoja ameshika mtoto, mkono mwingine amebeba blanketi. Method alizaliwa hapa hapa mwaka 1970, mwaka waliohamia Tensta. Dada aliwasemesha watoto Kiswahili, wao wakamjibu Kiswidi, na mambo yakaenda.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kwanza usafi katika shule moja, na baadaye kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, ambako walimpenda kwa sababu hakuwaharakisha kula. Lakini hapa hamkuja kwa ajili ya mshahara wake. Mmekuja kwa ajili ya kazi ile nyingine.

Ilianza na majani. Vuli ile ya kwanza, miti ya hapa ikipukutisha majani, walikuwa wamepanga chumba hapa Spånga, na kila asubuhi dada alipita mbele ya ukumbi wa usharika akaona uwanja umefunikwa na majani. Nyumbani kwetu uwanja hufagiliwa kabla jua halijapanda, na uwanja usiofagiliwa maana yake ndani kuna mgonjwa. Alivumilia siku chache. Kisha akafunga vijiti vikawa ufagio, akainama, akaufagia uwanja wote wa kanisa bila kuombwa na mtu. Dada Gunvor, shemasi wetu aliyeketi pale mbele, alimkuta, akaenda kumletea reki. Marehemu aliichukua, akaijaribu, akairudisha. Alisema reki inachana nywele za uwanja tu, haifagii.

Kutoka uwanjani aliingia jikoni, na jikoni hakutoka tena. Ninyi mnajua vuli zetu. Jumapili ya Mavuno, maboga na mikate mbele ya madhabahu. Tufaha zinazoletwa kwa ndoo, zitolewe maganda, zipikwe jamu. Mnada wa vitu vilivyofumwa na akina mama. Mishumaa ya Watakatifu Wote ipelekwe makaburini kwa wale wasio na watu. Kila mahali hapo palikuwa na birika la kahawa, na nyuma ya birika alikuwepo Truphosa. Alipewa ufunguo wa jiko la ukumbi, akautia katika kamba na kuuvaa shingoni ndani ya gauni, mahali ambapo wengine huvaa msalaba.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi wenu mmelicheka, na marehemu mwenyewe alilicheka, lakini leo inabidi lielezwe vizuri.

Ijumaa tarehe 15 Oktoba 1971 usharika ulifanya jioni ya shukrani kwa wote wanaojitolea. Dada aliitwa mbele. Akapewa maua na mshumaa, mchungaji akasema maneno mazuri, watu wakapiga makofi. Kwa Mswidi, hapo ni kwamba umeshukuriwa, kesho tunaendelea. Kwetu sivyo. Katika usharika wa Kamachumu, mwinjilisti akiitwa mbele ya watu, akasifiwa, akapewa zawadi na kupigiwa vigelegele, anahamishwa au anastaafishwa. Hakuna mtu anayeshukuriwa hadharani katikati ya kazi. Asante ya mbele ya watu ndiyo kuagwa kwenyewe, na ufunguo hurudishwa kesho yake.

Dada aliurudisha kesho yake. Alifua vitambaa vyote vya mezani, akapiga pasi aproni zote, akautundika ufunguo kwenye kitasa cha mlango wa Dada Gunvor, akarudi Tensta kwa basi.

Shemeji alimkuta ameketi kitandani na koti lake.

"Mama Agripina, umewakosea nini?"

"Sijui. Labda kahawa."

Kwa Jumapili kadhaa alikuja ibadani, akakaa nyuma, akaondoka kabla ya kahawa. Kahawa yenyewe, naambiwa, haikunyweka. Ndipo Dada Gunvor akaja Tensta, wakati ule njia zote zikiwa matope ya ujenzi, na ufunguo mfukoni. Kiswidi cha dada kilikuwa bado kichanga, kwa hiyo Agripina, mwenye miaka minane, alikaa katikati yao akitafsiri.

"Mama anauliza amefanya kosa gani," alisema Agripina.

"Kosa?" Dada Gunvor alishangaa. "Mwambie tulikuwa tunamshukuru!"

"Anasema anajua mmemshukuru. Anauliza kwa nini mmemfukuza."

Ilichukua muda na chai nyingi. Mwishowe dada aliuliza swali moja la maana: hapa Uswidi mtu akishashukuriwa, anafanya nini? Dada Gunvor akamjibu kwamba anarudi Jumamosi, kwa sababu kuna tufaha ndoo nzima zinaoza. Dada akaupokea ufunguo, akauvaa. Kisha akamwambia mwanawe atafsiri neno kwa neno: "Basi msinishukuru tena mpaka nimalize."

Toka mwaka ule ikawa desturi. Kila vuli, jioni ya shukrani, wengine waliitwa mbele mmoja mmoja, yeye yuko jikoni anaosha vikombe, mlango wazi, anasikiliza. Dada Gunvor alimalizia kila mara kwa kusema, "Na yuko mtu mmoja jikoni ambaye hatumtaji," na ukumbi mzima ulicheka. Nilipofika mwaka 1973 kwa masomo nilikuta kichekesho hicho kimeshakomaa. Noeline, aliyetufikia kutoka Uganda mwaka jana bila koti wala ndugu, alifundishwa kwanza jiko, pili kichekesho, Kiswidi baadaye.

Mwezi Aprili mwaka huu marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo. Alipasuliwa mwezi Juni. Kiangazi chote alikuwa amekonda lakini anatembea, na akapanda mboga kwenye masanduku ya dirishani kama kawaida yake. Jumanne tarehe 26 Septemba alikwenda hospitali kuchukua majibu. Nilitaka kumsindikiza, akanifukuza niende darasani. Jioni nilimuuliza.

"Wamesema nipumzike," alisema.

"Basi pumzika."

"Nikishapika jamu."

Tukaridhika. Shemeji aliridhika, na mimi ninayesomea uuguzi niliridhika, kwa sababu alisimama jikoni kwake akimenya vitunguu na hakuna aliyependa kuuliza zaidi. Wiki zilizofuata alipika jamu ya tufaha, akapanga maboga ya Mavuno, akamsimamia Noeline kila hatua mpaka Noeline akanilalamikia: "Maama ananifundisha kama kesho kuna mtihani!"

Ijumaa tarehe 20 Oktoba ilikuwa jioni ya shukrani. Tulikuwa wengi. Wengine waliitwa, wakapewa mishumaa, wakapigiwa makofi. Kisha Dada Gunvor akasema maneno yake ya kila mwaka kuhusu mtu wa jikoni, na watu wakaanza kucheka kama ilivyo ada.

Dada akatoka jikoni. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kiti. Akapita katikati ya meza taratibu, akasimama mbele, mikono ameishika tumboni.

"Mwaka huu nitajeni," alisema kwa Kiswidi, kwa sauti ya kutosha.

Ukumbi ulilipuka kwa furaha. Watu walisimama, walipiga makofi, mzee mmoja alipiga miguu sakafuni. Miaka saba wamemsubiri Truphosa ajifunze kupokea asante, na sasa amejifunza! Ndivyo walivyoona, na siwalaumu, mngeonaje vinginevyo. Mimi nilimtazama shemeji. Mikono yake ilikuwa imesimama hewani, haijapiga kofi hata moja. Noeline alikuwa kwenye mlango wa jiko na sahani mkononi. Na Dada Gunvor, aliyekaa na matope kwenye viatu akisikiliza tafsiri ya mtoto mwaka ule, alianza kupiga makofi pamoja na wengine, kisha akaacha.

Ndivyo alivyotupa majibu ya hospitali. Hakuwa na njia nyingine ya kuyasema na sisi tukayasikia.

Mchungaji alimshukuru. Alipewa maua meupe. Akayapokea, akainamisha kichwa, kisha akavua kamba ya ufunguo shingoni na kumwita Noeline mbele ya watu wote.

"Hapana, Maama," Noeline alisema. "Kaa nayo wewe."

"Shika, mwanangu. Umesikia wamenishukuru."

Noeline akashika. Watu wakapiga makofi tena.

Tulirudi Tensta watatu. Watoto walikuwa wamelala. Marehemu aliyatia maua kwenye maji, akauliza nani anakula. Tangu hapo mwili wangu hausikii kitu. Wanaoniuliza kama nimelala, nimelala. Nimekula pia. Msiba kwangu ulianza jioni ile, marehemu akiwa bado mzima ananipakulia wali, kwa hiyo leo mkiniona sina machozi mjue yamekauka njiani.

Alilazwa tarehe 6 Novemba. Wauguzi walimtunza vizuri na tunawashukuru. Alifariki Jumatano tarehe 29 Novemba 1978, mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini, shemeji yuko upande wa kulia na mimi upande wa kushoto. Agripina alikuwa amesimama dirishani. Neno lake la mwisho lililosikika lilikuwa kumwambia Method afunge zipu ya koti.

Ameacha mume, Zephania Mashauri. Ameacha watoto wawili, Agripina na Method. Ameacha mama yetu mzazi, Clementina, huko Kamachumu, ambaye telegramu yetu imemfikia na jibu lake limekuja jana, anauliza kama kaburi liko mahali penye mti. Upo, mama. Unamwaga majani kila vuli, na tutayafagia. Ameniacha mimi, Domina. Amemwacha Noeline, aliyepika kahawa mtakayokunywa baada ya mazishi. Nimeionja asubuhi na ni nzuri. Marehemu angesema imeungua.

Limebaki jambo moja. Tangu jioni ile ya Oktoba, nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kumwambia asante. Akinipa kikombe, nilikipokea nikanyamaza. Akimfunga Method vifungo, shemeji alitazama pembeni. Hospitalini tulimwambia pole, tulimwambia lala, tulimwambia kesho. Tulilibana neno lile midomoni kama watoto, tukidhani tusipolisema hataondoka. Na yeye alijua, akawa anatutazama tu akicheka kidogo.

Ndugu zangu, nawaomba msimame. Msipige makofi.

Dada Truphosa, umemaliza. Asante kwa mgongo wako ulionibeba, asante kwa uwanja, asante kwa kahawa. Mungu akupe kupumzika kwa amani, na usiinuke kuosha vikombe. Jiko tutalifunga sisi.