Taa Isiyozimika

Kivuko kilipoondoka Bweni, Tuhfa alikuwa ameegemea gari lake, akimsimulia abiria asiyemjua jinsi fundi Yakoub asivyojua kazi. "Ile taa ya kwenye dashibodi, ya kuonya gari likiteleza, haizimiki hata nikiegesha. Kabadilisha sensa za magurudumu yote, wapi. Sasa anadai mbovu ni ile ya chini ya kiti, inayohisi gari likiyumba. Raskazone nzima nishaiambia isimpelekee gari."

Yule bwana akachungulia dirishani, akakunja pua. "Humu unabeba nini, dada?"

"Pweza. Kila wiki nawatoa Mkwaja."

"Na maji yao ya chumvi?"

"Yanamwagika kidogo. Ndoo haina mfuniko."

"Yanamwagikia chini ya kiti."

Tuhfa akamtazama toka kichwani mpaka miguuni. Shati lenyewe limemshinda kupiga pasi, anataka kumfundisha gari. "Kwani wewe kaka kazi yako nini?"

"Nauza miwani."

"Basi kauze miwani."

Kivuko kikagota Pangani. Yule bwana akashuka bila kuaga. Tuhfa akaangaza huku na huku, akaitoa ndoo sakafuni, akaibeba kama mtoto mpaka kiti cha mbele, akaifunga mkanda.