Mzee Milimita na Baharia wa Kwenye Kreti

Ijumaa hii, tarehe 29, saa tisa na nusu alasiri, fundi wa karakana ya shule yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi. Ameomba miezi hiyo minne isiachwe. Mtu ambaye shule nzima inamwita Mzee Milimita hawezi kukubali kukadiriwa.

Barua yake ya ajira ilisema atatengeneza madawati, milango na vitasa. Ametengeneza vyote, tena vizuri kiasi cha kuudhi: dawati likishapita mikononi mwake haliyumbi tena, na mwanafunzi anabaki bila kisingizio cha mwandiko mbaya. Manowari ya kubeba ndege haikutajwa popote katika barua ile. Hiyo alijiongezea mwenyewe, bila posho, alipoanzisha Klabu ya Meli Ndogo kwa ajili yetu sisi ambao hakuna timu iliyowahi kutugombania.

Kwa msiojua raha mnazozikosa: kila Jumanne baada ya masomo tunaizunguka meza yake na kioo cha kukuzia, tukichungulia picha za manowari moja iliyokatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu kabla hatujazaliwa. Tunaunda mfano wake mdogo, lakini michoro yake hatuna, kwa hiyo kila kipimo lazima kitoke kwenye picha. Tunahesabu madirisha. Tunabishana kama doa fulani ni bomba au ni kivuli cha bomba. Muhula uliopita doa moja lilitumalizia wiki tatu. Lilikuwa tone la chai.

Mwaka huu mkuu wa shule alitoa ahadi nono: meli ikikamilika kabla Mzee hajaondoka, itakaa ndani ya kabati la kioo pale mlango mkuu. Isipokamilika, kabati litapewa kombe la mpira wa pete, na meli itaenda stoo kuishi na viti vilivyovunjika miguu.

Kilichobaki kilikuwa mnara. Katika picha yetu bora kabisa, baharia mmoja amesimama kando ya mlango wa mnara huo, miguu imefichwa na mpira wa maji wa zimamoto uliokunjwa. Mzee alimkadiria urefu wa mtu wa kawaida, akamtumia kupimia mlango, ngazi, madirisha, kila kitu. Kwa miezi saba tulimheshimu baharia yule kama rula.

Wiki mbili kabla ya leo, dada wa kidato cha pili akaleta gazeti kuukuu kutoka kwa shangazi yake. Ndani yake kulikuwa na picha ya mlango uleule, siku ileile, kutoka upande wa pili. Baharia wetu alikuwa anapaka rangi, amesimama juu ya kreti.

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kreti halikuondoka. Mnara wetu ulikuwa mfupi kwa milimita kumi na nne.

Mkuu alipoitwa alisema kwa upole, “Mzee wangu, nani ataona?”

“Mimi nimeshaona,” akajibu Mzee, na akaung’oa mnara palepale kwa koleo. Tulishangilia sana moyoni. Usoni tulikuwa kama watu waliofiwa.

Wiki mbili hizo hatukucheka na mtu. Mke wa Mzee alituma ujumbe kwamba mlango wa jikoni kwake unakwaruza sakafu kwa mwaka wa sita, na anaionea wivu meli. Mnara mpya ulisimama jana saa nne asubuhi, mrefu inavyotakiwa. Mkuu akaja na ufunguo wa kabati, akatabasamu, akasema meli imependeza, hongereni.

Hapo mtu mwenye akili zake angenyamaza. Mzee Milimita akasema, “Haijakamilika, mkuu. Antena tisa hazipo. Sijapata picha inayozionyesha vizuri, na za kubuni siweki.”

Tulitamani kumziba mdomo. Mkuu akainama, akaikagua meli kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukagua madaftari yetu. Kisha akaomba kioo cha kukuzia.

“Zilikuwa upande gani?” akauliza.

Kwa hiyo kombe litasubiri. Meli imo kabatini, na chini yake kuna karatasi yenye mwandiko wa Mzee: “Antena tisa bado.” Wageni wote wa shule sasa watajua kasoro yetu kabla hawajajua jina la shule. Ahsante sana kwa heshima hiyo, Mzee. Ahsante pia kwa Jumanne zote ulizotukalisha mezani kwako, ukatuuliza tumeona nini, kisha ukasubiri jibu.

Tunakuombea afya njema na mlango wa jikoni usiokwaruza. Nenda ukapumzike. Picha tutazitafuta sisi.