Pesa Iliyorudi kwa Jina la Obwocha

Jethro, funga huo mlango, kisha ukae pale ninapouona uso wako. Cleophas, nisogezee mto mgongoni, hivyo, basi, inatosha. Na wewe, mama yao, usitoke kwenda jikoni, maana nitakayosema yanakuhusu wewe kuliko yanavyowahusu hawa. Nitegeeni masikio, wanangu, na mtu asinikatize hata kwa kunipa pole, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu, na nikisimama katikati ya njia sijui kama nitapata nguvu ya kuanza upya.

Ng'ombe wangu hawana ugomvi, kila mmoja wenu anawajua wake tangu nilipowatenga mbele ya baba zenu wadogo, na atakayenyosha mkono zizini kwa mwenzake aaibike mbele ya watu. Shamba la juu, lenye kahawa, ni la Jethro. Shamba la migomba na hii nyumba ninamofia ni vya Cleophas, kwa kuwa yeye ndiye kitinda mimba, na mama yenu atakaa naye. Banda la ngozi pale Keumbu liuzeni, biashara ya ngozi niliijua mimi, ninyi hamuijui, msijidanganye. Kinachobaki ni ule ukanda wa bondeni unaopitisha mfereji wa maji kwenda kwenye kinu cha Obwocha, na hapo ndipo roho yangu imekwama kama mwiba kooni.

Mnajua wote kwamba niliapa unga wa kinu kile usiingie kinywani mwangu tangu mwaka kilipoanza kusaga. Juzi mama yenu aliniletea uji. Ulimi wa mgonjwa hauonji kitu, lakini siku hiyo nikaunywa kidogo, nikaona ni laini ajabu, unateleza, hauna zile chenga za unga wa kinu cha mbali, cha Marani, nilizozizoea mpaka ulimi ukawa sugu. Nikamwuliza, Nyamoita, huu umesagwa wapi? Akainama. Mama yenu hajui kusema uongo, hilo ninyi hamkulirithi kwake. Akaniambia, baba Jethro, tangu mavuno ya mwaka jana mwanao ndiye anayepeleka mahindi na wimbi kwa Obwocha, na Obwocha anamtoza nusu ya bei, akamkataza asimwambie mtu. Lo! Nimelala hapa mwaka mzima nikilishwa unga wa mtu yule, nami nasema asante.

Usiinamishe kichwa, Jethro. Nitazame. Wewe ulikuwa unanyonya mambo hayo yalipotokea, na huyu mwenzako hajazaliwa, kwa hiyo mliyoyasikia ni maneno ya sokoni tu. Leo mtayasikia kwangu.

Kabla ya vita vile vikubwa, alikuja mzungu mmoja na farasi wake wanne na vigari vya magurudumu mawili, vyepesi hata mtoto angeweza kuvisukuma, akakodi uwanja nje ya Keumbu akaanza mashindano. Farasi anafungwa kigari, dereva anakaa nyuma amenyosha miguu, na sharti farasi aende mwendo wa haraka wa miguu ya kupokezana, haruhusiwi kuruka mbio za fujo. Akikosea akaruka, anavutwa hatamu mpaka atulie huku wenzake wanampita. Tulikuwa tunapiga kelele mpaka sauti inakauka. Na watu waliweka pesa. Nami niliweka, mimi Okemwa mchuuzi wa ngozi, pamoja na Ouma fundi cherehani aliyetoka ziwani, na Mong'ina, mjane aliyeuza ndizi, na Obwocha, ambaye tuliingia naye jandoni siku moja, tukalala kibanda kimoja, tukauguzana majeraha. Huyo hakuwa rafiki, alikuwa ndugu.

Sasa sikilizeni mzungu alivyokula. Pesa zote ziliingia sanduku moja, na katika kila shilingi nne yeye aliondoa moja kwanza, kabla farasi hajainua hata mguu. Zilizobaki ndizo walizogawana waliopatia. Na farasi akipendwa na wengi, kila mmoja anaambulia kidogo. Kwa hiyo mtu aliweza kupatia leo, akapatia na kesho, na bado akarudi nyumbani mfuko umekonda. Watu si wajinga, wakaanza kupungua uwanjani. Mzungu alipoona hivyo akatangaza kwamba atakayeweka shilingi mia kwa siku moja atarudishiwa kumi, ashinde ashindwe. Nani kati yetu alikuwa na mia? Hakuwepo. Hilo lilikuwa la wenye maduka.

Ndipo Obwocha akatuita chemba. Akasema, tuunganisheni pesa zetu ziandikwe kwa jina moja, la kwangu, zitatimia mia, na ile pesa ya kurudi tusiigawane, tuiache ikue mpaka inunue mawe ya kinu cha maji, tuwe na kinu chetu sisi wanne. Tukafurahi kweli! Mong'ina alicheza pale pale sokoni na kapu lake kichwani. Hatukuuliza karatasi wala shahidi, kwa sababu sisi tulijua jambo hili tangu kwa babu zetu: ukiwekesha ng'ombe wako kwa rafiki, yeye anywe maziwa, atumie samadi, lakini ndama akizaliwa ni wa mwenye ng'ombe, hata kama amezaliwa zizini kwa mwingine. Tukasema, pesa yetu ni ng'ombe, jina la Obwocha ni zizi, pesa ya kurudi ni ndama. Nani angeshindana na jambo lililo wazi hivyo?

Kumbe sisi watatu tulikuwa tunataka farasi ashinde, na mwenzetu alichotaka ni tuweke tu. Ashinde ashindwe, kumi zake zilirudi. Ndiyo maana kila wiki alikuwa anatuhimiza, ongezeni, ongezeni, msiogope, hata siku farasi alipokuwa anachechemea machoni pa kila mtu. Ouma akaanza kukopa kwa wenzake wa ziwani. Siku moja tuliweka zote kwa yule farasi wa kijivu, akashinda, jamani, akashinda peke yake kule mbele, tukakumbatiana; tulipokwenda dirishani tukakuta malipo ni machache kuliko hata hiyo mia, kwa sababu pesa zilizojaa juu ya huyo farasi zilikuwa zetu wenyewe, na fungu la mzungu lilikwisha kukatwa. Tulishinda tukapata hasara! Nikamtazama Obwocha, akanipigapiga bega akacheka, akasema, usijali ndugu yangu, ndama anakua.

Vita vikaja, mzungu akaondoka na farasi wake. Mwaka uliofuata Obwocha akaleta mawe ya kinu. Akaja hapa, akaniomba njia ya maji, na mimi kwa jembe langu na mikono yangu nikachimba mfereji kutoka kule kwenye maporomoko mpaka kwake, nikijua nachimbia kinu chetu. Mama yenu alikuwa ananiletea chakula mferejini. Siku ya kwanza ya kusaga, Mong'ina akaja na kapu lake akiimba, na Obwocha akamwambia, mama, bei ni ile pale. Akamtoza! Tukadhani ni mzaha. Tulipomkalia kikao akasema bila kupepesa macho kwamba jina lililoandikwa lilikuwa lake, na kilichorudi kilirudi kwa jina.

Tukampeleka kwa wazee. Nikawaeleza habari ya ndama na zizi, nikaeleza vizuri, mnajua naweza kusema. Wazee wakanong'onezana, kisha wakatamka kwamba desturi ya kuwekesha ni ya ng'ombe, na farasi wa mzungu si ng'ombe, na pesa za kamari hazina zizi. Obwocha akatoka anapangusa vumbi kwenye kofia. Jambo moja tu wazee walinipa: kwamba njia ya maji niliitoa mimi, basi idhini hiyo ni yangu kuitoa au kuiondoa maisha yangu yote, na nikifa itakuwa mikononi mwa watakaorithi bonde.

Ouma aliuza cherehani yake, akarudi kwao, na sikumwona tena. Mong'ina mpaka leo analipa kusagiwa kwenye mawe yake mwenyewe. Mimi ningeweza kuziba ule mfereji, ningesema nimeondoa idhini na nani angenilazimisha, lakini kila nikichukua jembe nilikuwa nawaona wanawake waliokwisha kuacha kusaga kwa mikono, nikalirudisha jembe. Nikasema basi, angalau mimi sitakula unga wake. Na aliyebeba kiapo changu ni nani? Ni mama yenu. Kwenda Marani na debe kichwani, kurudi Marani na debe kichwani, na mimba ya Cleophas tumboni, na magoti haya mnayoyaona sasa, hali kinu kinanguruma bondeni hapo chini ya nyumba yake. Hakuwahi kuninung'unikia, hata mara moja.

Maji, Cleophas. Kidogo tu. Ah.

Jethro. Kama ungekuja ukaniambia, baba, magoti ya mama yamekwisha, niruhusu, mimi ningekasirika siku mbili kisha ningekuruhusu, na ningekuheshimu. Hilo hukulifanya. Ulikubali nusu bei, ukakubali na kufunga mdomo, wewe msomi, wewe unayesimama kanisani Nyanchwa kila Sabato. Ulidhani anakupendea nini? Anajua baba yako anakufa. Anajua wewe ni mkubwa. Kila gunia alilokupunguzia alikuwa anauweka ukanda wa bondeni mfukoni kidogo kidogo, vile vile alivyotufanyia sisi, na wewe ukienda nyumbani unafurahi kwamba umepata cha bure. Obwocha alinisaliti nikiwa na nguvu za kumtukana. Wewe umenisaliti nikiwa siwezi hata kukaa mwenyewe, na ukanilisha. Inaniuma, mwanangu. Inaniuma kuliko kinu.

Haya, shikeni hili. Ukanda wa bondeni haumwendei Jethro. Ni wa Cleophas, na Cleophas asitamke neno lolote juu yake bila mama yake kukubali. Mfereji usizibwe. Nasema usizibwe, watu wanakula. Lakini Obwocha, na watoto wake baada yake, maji watayapata kwa sharti moja: bei ya kusaga iwe moja kwa kila mtu, isemwe hadharani, asiwepo wa kupunguziwa gizani ili anyamaze. Siku mtakapomkuta ametoa nusu bei ya siri, chukueni jembe langu. Mong'ina asilipe. Hilo si punguzo, mawe ni yake. Na wakija watoto wa Ouma kutoka ziwani, wapokeeni, muwaambie baba yao hakuwa mpumbavu.

Na mama yenu... asiende tena Marani. Asage hapo bondeni. Nyamoita, umesikia? Nimekufungulia. Ningekufungulia zamani.

Msinipe maji, nakaribia kumaliza. Nikifa watu watakuja wengi, watataka kula. Obwocha atakuja. Namjua vizuri. Atakuja na magunia ya unga, na machozi pia, na machozi yatakuwa ya kweli, maana tulilala kibanda kimoja. Atasema ni bure, ni kwa ajili ya ndugu yangu. Jethro, wewe ndiwe utakayempokea langoni. Umshukuru, umpe kiti. Kisha umlipe. Bei kamili, mbele ya watu, unahesabu kwa sauti... Akikurudishia hata senti, usiipokee. Unga wa matanga yangu ulipiwe wote. Ukifanya hivyo, tumemalizana mimi na wewe, sina kinyongo, na asiwepo wa kukukumbusha.

Mungu awaangalie. Muwe na watoto, muwe na mvua... msigombane kwa ajili ya migomba. Cleophas, mama yako.

Bei kamili, Jethro. Sema nisikie... Tena.

Haya. Sogea sasa. Nipe mkono. Fungua vidole, nione kama ni mtupu, kama hauna tena cha Obwocha. Hivyo... hivyo, mwanangu.