Bi. Felista na Kiti cha Mbele

Tarehe 30 Juni 2004 Bi. Felista Athanas anaweka chini bisibisi yake, baada ya miaka thelathini na moja ya kutengeneza umeme wa magari katika gereji yetu hapa Morogoro. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi Hatibu, fundi breki, kwa kuwa ni mtani wake: yeye Mluguru wa Mgeta, mimi Mnyamwezi wa Tabora. Walionichagua walidhani nitachekesha. Nitajaribu.

Alianza mwaka 1973, gereji ikiwa bado mali ya shirika la umma. Mwanamke ndani ya ovaroli lilikuwa jambo la kutazamwa, na madereva wengine walimsalimia kisha wakamuuliza fundi yuko wapi. Jibu lake lilikuwa kufungua boneti. Ikaja miaka ya uhaba. Vipuri hakuna, kwa hiyo fundi hodari alikuwa yule aliyeweza kuliondoa gari bila kipuri. Swichi imekufa, unairuka, unaunga waya dairekti, gari linakwenda. Bi. Felista alikuwa bingwa wa dairekti, nasi tulimwonea fahari.

Biashara ilipofunguliwa, gereji ikauzwa kwa Bwana Geofrey, tajiri wetu wa sasa, na barabara zikajaa magari ya mitumba kutoka nchi za baridi. Yalikuja na viti vinavyopasha joto, katika mji ambao mtu hutoka jasho akiwa kivulini. Dereva mmoja, Oscar, alibonyeza swichi asiyoijua akielekea Ngerengere. Alifika kiuno kinawaka, akameza klorokwini, akalala, akapona. Aliporudi garini, homa nayo ikarudi. Alimaliza dozi mbili kabla Bi. Felista hajamwonyesha ile swichi. Baadaye yakaja machache yenye viti vya kupuliza ubaridi. Hivyo tulivipenda mno, ila vumbi letu liliziba vifeni vyake, na Bi. Felista akawa anavizibua kwa mswaki.

Lakini siwezi kumuaga kwa kicheko tu, na mwenyewe alinikataza. Alisema, "Hatibu, ukiandika habari zangu ukaacha ya kiti cha Mzee Stephano, utakuwa umemwandika mtu mwingine."

Mwaka 1997 gari la zahanati moja ya huko Mgeta lililetwa kwetu. Kiti cha mbele kilikuwa hakipashi tena, na dereva wake, Yohana, alitaka kipone, maana kule juu baridi ya Julai inang'ata na gari lilibeba wagonjwa. Themostati, kile kidude kinachokata umeme joto likizidi, ilikuwa imekufa. Madukani haikuwepo. Bi. Felista akafanya kile ambacho sote tungefanya: akairuka, akaunga dairekti. Kiti kikapata joto, tukampigia makofi.

Wiki chache baadaye Yohana alimteremsha Mzee Stephano, mkulima wa kabichi ambaye miguu yake ilikufa ganzi tangu alipoanguka mlimani. Kiti kiliwaka njia nzima bila kukata, na mzee hakuhisi kitu. Hospitalini muuguzi alikuta mapaja yameungua vibaya. Yalichukua miezi kupona.

Watu walisema ajali haina kinga, na hakuna aliyemtaja fundi. Yeye alipanda Mgeta mwenyewe, akamwambia mzee kwamba waya ule aliuunga yeye. Mzee alimsikiliza, akasema amesamehe, akampa kabichi mbili za njiani. Ila kile kiti, akasema, hatakikalia tena. Na kweli, kila alipoteremka kliniki alilazwa nyuma kwenye godoro, akirushwarushwa na mashimo. Kila Yohana alipokuja gereji, Bi. Felista alimuuliza mzee amekaa wapi safari hii. Jibu lilikuwa lile lile, naye alirudi kazini. Nadhani msamaha ule ulimuuma kuliko matusi.

Tangu hapo, kiti kisichokuwa na themostati alikikata waya na kumwambia mteja hapana. Wateja wakavuka barabara kwenda gereji ya jirani, ambako neno hapana halijulikani. Bwana Geofrey alifoka sana. Bi. Felista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kukata. Na kila kiti alichokitengeneza alikikalia mwenyewe, joto limewashwa, kiganja chini ya paja, akinywa uji wake mpaka kikombe kiishe. Nilimtania kwamba Mluguru akipata kiti cha bure hanyanyuki. Leo hakuna fundi wa hapa anayetoa gari kabla hajakikalia kiti hivyo hivyo.

Themostati ya gari lile aliipata baada ya miaka miwili, kwenye gari bovu lililochinjwa Dar es Salaam. Akaifunga, akamtuma Yohana amwambie mzee kwamba kiti kimepona. Mzee akajibu kuwa amesikia. Kurudi mwenyewe Bi. Felista aliona aibu, na aibu hiyo ikala miaka.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya mzee kuteremka kliniki. Bi. Felista aliomba ruhusa, akapanda gari la zahanati pamoja na Yohana, akawasha joto, akakikalia kiti kile kutoka gereji hadi Mgeta. Mimi nilikuwa nyuma, kwa sababu hakutaka kwenda peke yake. Mzee alikuwa ameketishwa nje akisubiri. Bi. Felista alimpa shikamoo, akasema, "Baba, kazi naiacha mwisho wa mwezi huu. Nimekikalia toka mjini. Ukipenda, kishike."

Tulimsogeza. Mzee aliweka kiganja juu ya kiti, akakiacha hapo mpaka Yohana akaanza kukohoa.

"Na wewe mwanangu utakaa wapi?"

"Kwenye godoro lako."

"Haya. Niwekeni."

Tukateremka hivyo, mzee mbele, kiganja chini ya paja kama alivyoonyeshwa, na Bi. Felista kwenye godoro akirushwarushwa, analia bila kujificha. Mimi mtani wake nilitafuta neno la kumtania, nikalikosa.

Bi. Felista, ahsante kwa kazi, na kwa hapana zako zote. Unarudi kwenu kwenye baridi. Uishi salama, ule kabichi, umtembelee mzee. Sisi huku tutavikalia viti mpaka kikombe kiishe.